Siku moja na kikundi cha msitu, Budongo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri natia mafuta kwenye pikipiki na kufunga mkoba wa makaratasi kwa mpira. Kazi yangu ni kusaidia vikundi vya wanakijiji wanaoishi kandokando ya msitu wa Budongo, magharibi mwa Uganda. Wageni huniuliza habari za sokwe. Ninachokishika zaidi ni katiba za vikundi, vitabu vya fedha na mihuri, na hayo pia ni kuulinda msitu.

Saa moja niko kitaluni Nyabyeya. Miche ya mahogani na musizi tumemwagilia, iliyooza tumetoa, basi.

Saa mbili vijana wa doria wanatoka msituni wamebeba mitego ya waya, mingine imesukwa kwa waya wa breki za baiskeli. Imetegewa paa na nguruwe-mwitu, lakini sokwe nao hunasa. Wapo humu msituni wenye viganja vilivyopinda, wapo waliopoteza vidole. Vijana hawa hawana mshahara. Naandika jina la kila mmoja daftarini, taratibu, bila kukosea herufi, maana kwa leo hakuna kingine cha kuwapa.

Saa tatu tunaondoka na Mama Mwenyekiti kwenda mjini kuhuisha cheti cha kikundi, na hapo ndipo siku ilipoliwa.

Cheti chenyewe si jambo dogo. Sheria ya misitu ya 2003 inawaruhusu wanakijiji kuingia mkataba na NFA, mamlaka ya misitu, wausimamie msitu kwa pamoja: waweke mizinga ya nyuki, waokote kuni kavu, wachume dawa, nao waulinde. Lakini kikundi kisichosajiliwa hakitii sahihi mkataba wowote, wala benki haikifungulii akaunti.

Ofisini tukaambiwa mhusika yuko kikaoni. Tukakaa kwenye benchi. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mama aliacha maharage yake yamezongwa na magugu, na mvua inanyemelea. Saa sita mhusika akaja, akafungua faili, akasema kumbukumbu za kikao ziandikwe upya kwa Kiingereza.

Kikundi chetu kina Waalur, Walugbara, Wanyoro na Wakongo. Kiswahili ndicho kinachowaweka wote kikao kimoja pasipo mtu kuachwa nyuma. Nikamweleza hivyo. Nikamkumbusha kwamba Katiba ya nchi ilirekebishwa 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Akasema utaratibu wa ofisi ndio huo, akageukia simu yake. Niliumia, na bado naumia ninapoandika haya.

Basi nikatafsiri palepale, karatasi juu ya magoti, Mama akinisomea azimio moja baada ya jingine. Tulipofika kwenye azimio la miwale, miti ya jamii ya michikichi, akanishika mkono. "Hapo usifupishe, mwanangu."

Ana haki. Zamani miwale ilisimama tele kwenye vijito vya msitu huu. Wakulima wa tumbaku wakaikata kupata kamba za kufungia majani ya kukausha, mpaka ikatoweka. Kumbe sokwe walikuwa wakila kiini cha miwale iliyooza kwa ajili ya chumvi yake. Ilipokosekana wakatafuta chumvi kwingine: watafiti walichapisha mwaka 2024 kwamba sokwe wa hapa wameonekana wakila kinyesi cha popo, na ndani ya kinyesi hicho vikapatikana virusi vingi. Kikundi kimeazimia kuirudisha miwale vijitoni, na waliotangulia kunyoosha mikono ni familia zilizowahi kulima tumbaku. Azimio kama hilo nilifupishe kwa sababu gani? Liliandikwa lote.

Tukaenda kutoa nakala, umeme ukakatika. Tukangoja jenereta. Tuliporudi, mwenye muhuri ametoka. Aliporudi alisoma ukurasa wa kwanza tu, akagonga muhuri. Njooni Ijumaa mchukue cheti.

Tulikula kikomando, chapati kwa maharage, karibu na paki ya teksi, chakula chetu cha kwanza tangu asubuhi. Mvua ikatukuta njiani, kwenye mashamba ya miwa, na kutoka barabara kuu kwenda kwa Mama tulisukuma pikipiki kwenye tope. Nilimfikisha taa zimeshawashwa.

Sasa ni usiku, najaza ripoti ya mfadhili. Kuna sehemu ya mchango wa jamii, nayo inataka hesabu kwa shilingi. Nimeandika siku nzima ya Mama Mwenyekiti, kwa bei anayolipwa kibarua wa palizi hapa kwetu, na za vijana wa doria nimezipanga chini yake, jina kwa jina. Wakidai risiti, nitawatumia daftari.