Ekari 22, mashimo tisa, wala tingatinga halikuingia

Mtaalamu aliyeletwa kulitazama shamba nililotaka kuligeuza kiwanja cha gofu alisimama getini kama dakika kumi, akatoa amri tatu: ng'oa vichuguu, sawazisha mteremko, agiza nyasi kutoka nje. Nyasi kutoka nje, hapa Trans Nzoia! Nyasi za Kikuyu huku hazipandwi, huzuiwa. Kule Los Angeles, kwenye uwanja wa Riviera wanakochezea mabingwa, fawei, yaani njia ya nyasi fupi ya kupitishia mpira, ni nyasi hizi hizi zenye asili ya nyanda zetu za juu. Sikufuata hata moja, na leo kiwanja kinachezwa.

Kufyeka na kupima sielezi. Linalohitaji akili ni mzunguko, yaani mpangilio wa mashimo, kila "shimo" likiwa njia nzima tangu pigo la kwanza hadi kwenye bendera. Ramani yangu ya kwanza ilizunguka kinyume cha mwendo wa saa, uzio ukawa upande wa kulia kwa mashimo matano. Sasa, wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia, na pigo la asiye fundi hupinda kulia. Kwa hiyo kila Jumamosi mahindi ya jirani yalivuna mipira mingi kuliko sisi. Dawa haikugharimu kitu: niliacha vigingi palepale nikageuza mwendo, tii, pale pa kupigia pigo la kwanza, ikawa mwisho na mwisho ukawa tii. Uzio ukahamia kushoto, mipira iliyopotoka ikaanza kuangukia ndani ya kiwanja chenyewe. Tena shimo la nne, lililokuwa linateremka bila ladha, sasa linapanda hadi kwenye kilele ambako bendera huonekana nusu tu. Ndilo zuri kuliko yote, na sikulibuni.

Jua nalo lina neno. Shimo la kwanza linaelekea kaskazini kwa sababu watu huanza asubuhi, na la tisa linarudi kusini kwa sababu humaliza jioni. La saba pekee linatazama magharibi, nami nikalifanya fupi, mita 118, mpira usipotelee kwenye mwanga. Jumla ni kama mita 1,640: mashimo sita ya mapigo matatu na matatu ya mapigo manne, yaani par (mapigo yanayotarajiwa kwa fundi) 30. Tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira huenda mbali zaidi kwa takriban asilimia saba kuliko Mombasa. Mgeni wa pwani huupitiliza uwanja mpaka azoee.

Sasa grini, eneo laini lenye kitundu na bendera. Ya majani kwa kiwango cha Wamarekani inataka mifereji isiyopishana zaidi ya mita tano, kokoto sentimita 10, juu yake mchanganyiko wa mchanga sentimita 30, kisha kukatwa karibu kila siku kwa mashine ambayo bei yake sitaki kuikumbuka. Tisa za namna hiyo zingemeza shamba. Nikajenga brauni, grini za mchanga kama zilizochezewa bara miaka mingi: duara la mita 14, murramu iliyoshindiliwa sentimita 10, katikati pameinuka sentimita nne kuliko ukingo ili maji yakimbie, juu yake mchanga sentimita mbili na nusu. Ukingo usiwekewe tofali wala kizingiti. Kizingiti ni bwawa.

Mchanga wa mtoni ulinishinda mara moja. Chembe zake ni za mviringo, huteleza, mpira unazama kama kwenye uji. Nikahamia vumbi la kokoto la kwari, lenye chembe za pembe pembe, nikalichekecha kwa wavu wa milimita tatu. Kila mzee aliniambia nilimwagie oili chafu ya injini ili upepo usilipeperushe. Maji ya uwanja wote huishia kwenye kijito wanakonywa ng'ombe, kwa hiyo oili nikaikataa. Nikajiona mwerevu: nikakusanya mafuta yaliyokaangia chipsi, lita 60 hivi, nikayamwaga kwenye brauni ya tatu. Siku ya kwanza ilitulia kama zulia. Siku ya pili sisimizi. Kufikia Ijumaa mbwa wa kijiji kizima walikuwa wamechimba mashimo 11, na uwanja mzima ukinukia kibanda cha stendi. Mchanga wote ulitolewa kwa toroli.

Suluhisho ni maji: lita 40 kwa kila brauni kabla ya mchezo, kwa kopo la kumwagilia, kisha gunia lililofungiwa mnyororo ndani. Hapa ndipo wengi hukosea. Burura kwa kuzunguka kutoka shimoni kwenda nje. Ukitoka nje kuja ndani, mchanga hujikusanya penye shimo, na baada ya wiki mbili umejenga kilima kinachofukuza mipira. Kasi ya brauni naipima kwa kuviringisha mpira kwenye bomba la plastiki lililopasuliwa katikati, sentimita 90, na kichwa chake nakiegemeza kwenye tofali lile lile kila mara. Mpira ukitambaa chini ya mita mbili, mchanga ni mwingi mno.

Shimo halali lina kipenyo cha milimita 108, kipimo cha tangu 1891. Langu ni bomba la maji taka la inchi nne, kwa ndani limepungua milimita chache. Hajatokea wa kulalamika ila wanaokosa.

Vichuguu vimebaki. Kile cha shimo la tano, kirefu kunishinda, kinakaa kushoto mbele ya brauni, kigumu kama saruji, nacho hurudisha mpira popote kipendapo. Mpira ukiingia kwenye tundu lake, dondosha mwingine bila adhabu. Uwanja wa Jinja, Uganda, unajulikana kwa sheria kama hiyo ya mpira ulioangukia kwenye nyayo za kiboko, sisi tuna ya mchwa. Bendera lakini ziwe za chuma, maana za mianzi hazikumaliza msimu.

Fawei hulishwa kondoo, kama 30. Ng'ombe wakati wa mvua huacha nyayo zinazokaa mpaka Desemba. Na ukingo wa brauni ukatwe kwa sepetu, kina sentimita 15, kila wiki tatu. Niliruka zamu mbili mwezi wa Mei, na ya sita sasa ina mita 13 badala ya 14.