Nani Alikuwa Ameshika Usukani

Ilikuwa Jumatano ya mwezi Januari, saa tisa na nusu alasiri, nami nilikuwa dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, nikimpimia mteja kitambaa cha magauni, simu ilipoita na sauti ya mwanangu ikasema, "Mama, gari," kisha ikanyamaza. Nilimuuliza mara tatu kama ameumia. Alipojibu kwamba yeye hajambo ila kuna mzee ameanguka, nilimwachia mteja mkasi mezani bila hata kumuaga, nikapanda bajaji ya kwanza iliyopita.

Niliwakuta kwenye barabara ya kurudi mjini kutoka Raskazone. Gari letu, Toyota Raum ambalo mimi na baba yake tulilinunua kwa akiba ya miaka sita, lilikuwa limeegemea mwarobaini, gurudumu moja likiwa ndani ya mtaro, taa ya kushoto haipo kabisa, bampa likining'inia kwa upande mmoja na maji ya rejeta yakitiririka kufuata mchanga. Hatua chache nyuma yake ililala baiskeli ya muuza mikate, tenga limepinduka, na mikate imetapakaa lami nzima, mingine imekanyagwa na pikipiki zilizokuwa zikipita. Mwanangu alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro, mikono kati ya magoti, anaitazama ile mikate. Rafiki zake wawili aliokuwa amewapakia walisimama mbali kidogo kama watu wasiomjua.

Mzee mwenyewe alikuwa amekalishwa kivulini. Goti lilichubuka vibaya na kiganja cha mkono kilikuwa kinavuja damu, lakini alikuwa akizungumza, na nilipomsogelea kumpa pole na kumwamkia, aliitikia "Marahaba, mwanangu" kwa upole ulionifanya nishindwe kuendelea na maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani.

Kabla trafiki hawajafika alifika shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye kijana alikuwa amempigia kabla yangu. Shemeji ni mtu mwema na alikuja kwa nia ya kutusaidia. Sitaki msomaji amfikirie vinginevyo. Alinivuta pembeni akaniambia, "Shemeji, nisikilize. Ingia ukae upande wa dereva. Wakikuuliza, wewe ndiye uliyekuwa unaendesha na mtoto alikuwa abiria. Leseni unayo, bima kubwa mnayo, gari litatengenezwa, na mtoto hataandikwa popote." Nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa tayari umegusa kitasa cha mlango. Nilipoinua uso nilimwona mwanangu ameacha kutazama mikate na sasa ananitazama mimi, na nyuma yake yule mzee, ambaye alikuwa amesikia kila neno, anajifuta damu gotini kwa ncha ya kikoi chake huku ameinamisha kichwa, kama mtu aliyezoea mambo kuamuliwa juu ya kichwa chake.

Niliuacha mlango. Trafiki walipofika nikawaambia kwamba aliyekuwa akiendesha ni mwanangu, kwamba ana miaka 17, na kwamba hana leseni.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ndiyo Sura ya 168 katika sheria zetu, haimruhusu mtu kuendesha gari barabarani kabla ya kutimiza miaka 18 na kupata leseni, na inamgusa pia mwenye gari anayemruhusu asiye na leseni kushika usukani. Hilo la pili ndilo wazazi wengi hatulifikirii. Nililipa faini niliyotakiwa kulipa, mzee akaandikiwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akaenda kutibiwa, nami nikafuatana naye mpaka alipofungwa bandeji na kuambiwa kwamba mfupa haukuguswa. Kuhusu bima, mkataba wetu unasema waziwazi kwamba gari liwe linaendeshwa na mtu mwenye leseni halali, kwa hiyo bima kubwa ambayo tulikuwa tumeilipia kwa kujibana haikuwa na la kutusaidia kwa uharibifu wa gari letu. Ule ukweli niliousema siku ile ulitugharimu taa, bampa, fenda, rejeta, kunyoosha na kupiga rangi, jumla yake shilingi 860,000 hata baada ya kutafuta spea za mtumba, mbali na baiskeli ya mzee, mikate yake, na siku kumi na mbili ambazo hakuweza kukanyaga pedali.

Baba yake hufanya kazi Korogwe na hurudi mwisho wa wiki. Nilimpigia usiku ule. Alinyamaza muda mrefu, kisha swali lake la kwanza likawa, "Funguo aliupata wapi?" Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, wala si kwa swali hilo, na jibu lake ndilo limenifanya niandike haya yote.

Funguo nilimpa mimi. Nilimpa asubuhi ile aoshe gari, kama nilivyokuwa nimempa mara nyingi tangu alipomaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba. Kila mzazi anayekaa na kijana katika kipindi hiki anajua jinsi miezi ilivyo mirefu kati ya mtihani na kidato cha tano kinachoanza Julai: kijana amekuwa mkubwa ghafla, hana ratiba, rafiki zake wote hawana ratiba, na gari limeegeshwa uani. Sisi wenyewe tulikuwa tumemfundisha kuliwasha ili betri isife. Kisha tukamfundisha kulisogeza mbele ili wageni wapate nafasi, kisha kulirudisha rivasi, kisha Jumapili moja baba yake, kwa furaha ya baba anayemwona mwanawe anakua, akamwachia usukani kwenye barabara ya vumbi huku Pongwe akamsifu kwamba ana mkono mzuri. Mwezi Desemba nilimtuma mara mbili kwenda dukani na gari, mtaa wa tatu tu, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na mimi nilikuwa nimechoka. Hakuna siku tuliyomwambia kwamba anaruhusiwa kuendesha, wala hakuna siku tuliyomwambia kwamba haruhusiwi. Basi kumwita mwizi wa gari, kama jirani mmoja alivyomwita mbele yangu, ningekuwa namdhulumu.

Siku ya nne baada ya ajali nilirudi pale kwa miguu pamoja naye, saa mbili asubuhi kabla joto halijapanda. Nilimwomba anionyeshe alipomwona mzee mara ya kwanza. Alisimama karibu na lango moja la kijani. Alisema alikuwa kwenye mwendo wa 60 hivi, rafiki yake wa nyuma alikuwa anamwonyesha kitu kwenye simu, na alipogeuza macho mbele baiskeli ilikuwa inakwepa shimo. Tuliketi ukingoni tukapiga hesabu pamoja kwenye karatasi. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde, na kwa 60 hupita karibu mita 17. Sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujaifikia breki tayari ni mita 17, na breki yenyewe haijaanza kufanya kazi. Tukahesabu hatua kutoka lango la kijani mpaka mahali tenga lilipoangukia. Zilikuwa hatua 24. Aliirudia hesabu ile mara mbili, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kama mzee hangejitupa pembeni, gari lingempitia. Nilimwacha alie. Hatua 24 si umbali mrefu, na mji wetu umejaa baiskeli: wauza mikate, wauza samaki, wanafunzi, wazee wanaokwenda msikitini. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote, na siku ile sikuona tena kwamba habari hiyo inahusu watu wa mbali.

Baba yake aliporudi Jumamosi alitaka kwanza simu ya kijana iuzwe na asitoke nyumbani mpaka Julai. Hatukukubaliana upesi. Mimi niliona kwamba kumfungia ndani kungempa nafasi ya kujionea huruma, na wala kusingelipa hata taa. Baada ya siku mbili za mabishano, mengine makali, tuliafikiana kwamba atafanya kazi kwa fundi bodi anayetutengenezea gari, kila siku isipokuwa Ijumaa, na ujira wake mdogo utaingia kwenye deni. Fundi alikubali, ila kwa sharti kwamba hatamfanya mgeni.

Nilipita gerejini wiki ya pili. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya fenda la gari letu wenyewe, mikono myeupe kwa vumbi la puti, ile lepe ya kusawazishia bati, anasugua kwa msasa. Fundi alimwanzisha na msasa mkali wa namba 80 kuondoa vilima vya puti, kisha 240, kisha 400 kwa maji, na kila akidhani amemaliza, fundi alimshika mkono, akaupitisha juu ya bati huku macho yamefumbwa, ili asikie kwa kiganja bonde ambalo jicho halilioni. Sehemu isiyozidi ukubwa wa sinia ilimchukua siku tatu. Alinyanyua kichwa akaniambia, "Mama, pale nilipogonga palichukua muda gani? Hata sekunde haikufika." Sikuwa na la kuongeza.

Deni la mzee tulilitenganisha na deni la gari. Kijana alikwenda kwake Makorora pamoja na baba yake, akaomba msamaha mwenyewe kwa kinywa chake, na kwa siku zile kumi na mbili tulimpelekea mzee kiasi alichotuambia kwamba hupata kwa siku, bila kubishana naye. Wapo walioniambia kwamba mzee angeweza kutaja kiasi chochote. Alitaja shilingi 9,000. Aliyejitupa mtaroni kwa ajili ya kosa la mwanangu alikuwa na haki ya kuaminiwa.

Nimesoma pia jinsi wenzetu wa nchi nyingine wanavyolishughulikia jambo hili. Nyuzilandi ilianzisha mwaka 1987 utaratibu wa leseni ya hatua kwa hatua, na Florida kule Marekani ikaanza wa kwake mwaka 1996: dereva mchanga huanza akiwa na mtu mzima mwenye leseni pembeni, kisha huruhusiwa kuendesha peke yake lakini kwa vizuizi, hasa kuendesha usiku, na kwingi pia kupakia vijana wenzake. Sababu yake niliielewa vizuri pale barabarani, kwa kuwa mwanangu peke yake asingekuwa anatazama simu ya mtu wa kiti cha nyuma. Tumeuchukua utaratibu huo nyumbani kwetu. Atakapotimiza miaka 18 mwezi Agosti atasoma chuo cha udereva kwa mafunzo kamili, pamoja na alama za barabarani na nadharia ambayo vijana huona ni kupoteza muda, na hata baada ya kupata leseni hatapakia rafiki kwa mwaka mzima wala hataendesha baada ya Isha bila mmoja wetu ndani ya gari. Kabla ya siku hiyo hagusi usukani, hata uani, hata kwa kuosha. Funguo sasa unakaa kwenye mkoba wangu.

Dada yake ana miaka 19 na ndiye aliyeniuliza swali ambalo bado linanichoma: kwa nini yeye, aliyetimiza umri wa leseni mwaka jana, hakuwahi kuombwa hata mara moja asogeze gari. Tumemwandikisha yeye kwanza. Anaanza mwezi ujao.

Shemeji bado anaona kwamba nilijitakia hasara, na tumelizungumza zaidi ya mara moja kwa heshima. Anasema mtoto hulindwa. Nami nimemjibu kwamba mwanangu alikuwa ananitazama, na kwamba kama ningeketi kwenye kile kiti, angejifunza pale pale kwamba damu ya mtu mwingine hufutika mama akisema uongo vizuri. Nilimwomba pia afikirie habari ya mwanawe mwenyewe, ambaye ana miaka 15. Hakunijibu.

Jana jioni nilikuwa napita nyumbani kwake Chumbageni nikielekea msibani, nikasikia injini uani. Geti lilikuwa wazi nusu. Mtoto wa shemeji alikuwa nyuma ya usukani, shingo ameigeuza, anarudi rivasi taratibu, na baba yake amesimama pembeni anamwelekeza kwa mkono huku anatabasamu, tabasamu lile lile nililoliona kwa mume wangu kule Pongwe. Nilimwambia dereva wa bajaji asimame, nikashuka, nikapiga hodi.