Chaja ya helikopta: ampi za kwenye boksi zitakudanganya

Chungu cha Bimkubwa cha kupikia mchuzi wa pweza kina miaka miwili sasa kiko kwangu, na ndani hamna mchuzi mna betri ya kopta, helikopta yangu ndogo ya kuchezea ya rimoti. Nimetia mchanga mkavu chini, betri naiweka juu ya mchanga, na chungu chenyewe kinakaa barazani. Ndani nimepigwa marufuku.

Sababu yake ni usiku mmoja nimekaa naangalia mpira, betri ya kopta iko kwenye chaja pembeni, nikaanza kusikia harufu tamu tamu hivi kama rangi ya kucha, nikajua dada yangu huyo anajipamba, nikaendelea na mpira wangu. Kumbe dada kashalala zamani. Nageuka betri imefura kama andazi la maji ya moto. Nikachomoa plagi, nikaikamata kwa koleo la mkaa mbio mpaka uani, haikuwaka alhamdulillah, lakini Bimkubwa kashaona. “Hiyo kitu yako hailali na sisi humu ndani.” Basi.

Betri haikuwa na kosa, kosa la chaja, na kosa langu mie nloichagua kwa bei. Na kwa vile kila wiki mtu ananiuliza anunue chaja gani, leo naandika moja kwa moja.

Ukinunua kopta ndogo ya saizi ya 450, ile yenye mapanga ya milimita 325, mara nyingi wanakupa na kichaja kidogo cha taa tatu, nyekundu zikageuka kijani imejaa. Hakina ubaya ila kinatoa kama ampi moja hivi au chini yake, na betri yake ni seli tatu, ujazo wake mAh 2200 (yaani ampi 2.2 kwa saa moja), kwa hiyo unakaa masaa mawili na nusu mpaka matatu kusubiri uje kuruka dakika saba. Nlivumilia mwezi. Baadae nkaingia mjini kwenye duka moja (silitaji) nkachukua chaja ya skrini, boksi limeandikwa ampi 5, seli mpaka 6, nkaona hapa nimemaliza.

Sasa hapa ndo watu wengi tunapoingia mkenge. Ampi 5 zimeandikwa kwa herufi kubwa mbele, nyuma kwa herufi za sisimizi wameandika wati 50. Wati ni volti mara ampi, hakuna uchawi. Seli moja ya lipo, ndo aina ya betri hizi za kopta, ikijaa ni volti 4.2, seli tatu 12.6, sasa wati 50 gawa kwa 12.6 unapata ampi 4, hata hizo 5 hufiki. Nlipohamia kwenye kopta ya saizi ya 500, betri yake seli sita mAh 3300, ikijaa ni volti 25.2, hesabu ikawa mbaya zaidi, 50 kwa 25.2 ni ampi 2 kavu. Betri hiyo kwa kawaida yake, yaani 1C, ampi sawa na ujazo wake, inataka ampi 3.3, maana yake inataka chaja ya wati 83 na kuendelea. Mie yangu inakwenda saa moja na dakika arobaini kwa betri moja, nnazo mbili, piga hesabu mwenyewe, jua linazama nipo bado nachaji.

Kwa hiyo usiangalie kopta ulonayo leo, angalia ile unoitamani mwakani, maana utainunua tu nakujua, chukua volti zake zikiwa zimejaa, zidisha ampi za 1C, ongeza na kidogo juu.

La pili ni balansi, yaani kusawazisha seli zote zijae sawa. Ile plagi ndogo nyeupe yenye waya nyembamba, seli tatu ina waya nne, seli sita ina waya saba, hiyo lazima ichomekwe kila siku usifanye uvivu, ndo inayoiambia chaja kila seli iko wapi. Ila chaja feki inaweza kukudanganya hata hapo. Mie skrini ilikuwa inasema 4.20 zote sita, safi kabisa, baada ya lile andazi ndo nkaazima mita kwa fundi wa redio mtaani, nkapima betri ile nyengine. Pini nyeusi unaikita kwenye waya mweusi wa pembeni haitoki, nyekundu unaisogeza moja moja, inatakiwa isome 4.2, halafu 8.4, halafu 12.6, inakwenda hivyo hivyo. Yangu ilianza 4.2, 8.4, ya tatu ikasoma 12.67! Yaani seli moja imekula 4.27 na chaja inakuchekea. Chaja mpya yoyote ikifika mikononi mwako siku ya kwanza ipime hivi kabla hujaiamini, mita haina bei. Na ukimaliza hakikisha menyu iko LiPo, ukiichaji lipo kwenye NiMH, ambayo ni betri ya aina nyengine, basi chungu hakitokusaidia.

Lengine la kwetu sisi. Chukua inayokubali ukutani na inayokubali volti 12 za betri ya gari. Watu wa Unguja tulioshuhudia lile giza la Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kebo ya kutoka bara imekufa miezi mitatu, hatuhitaji kuelezwa. Siku hizi si hivyo lakini umeme unakatika, au tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, imekwisha na mfukoni hamna kitu. Halafu mjini sirushi, uwanja wa ndege uko hapo hapo, nakwenda zangu Jambiani maji yakitoka, ufukwe mtupu, na kule pwani soketi utaipata wapi? Betri ya gari ya Ah 50 naila nusu tu isife, inanijazia ile ya seli sita mara tatu. Soma na herufi za sisimizi pia, nyingi zina wati ndogo ukutani na wati kubwa kwenye DC, yaani ukitumia betri ya gari.

Halafu storeji, yaani kuiweka betri bila kuitumia, hii hakuna anoiuliza. Ramadhani mie sirushi, na masika hakurukiki, betri ikikaa mwezi imejaa inaweza kufura, inataka ishushwe kwenye 3.8 hivi kila seli. Ile chaja ya kwanza ilikuwa inashusha kwa wati 5. Wati 5! Kwa betri yangu ni masaa saba na zaidi, feni inalia usiku kucha kama mtoto mwenye mafua. Uliza na wati za kushushia.

Mwisho nimeagiza ya wati 200, bei karibu mara tatu ya ile ya zamani, niliumia sikwambii, lakini mita inasema 4.20 na skrini inasema 4.20. Jumapili iliyopita Jambiani nimeruka mara tano, mbili nlizokwenda nazo zimejaa na tatu nimechajia pale pale chini ya mnazi, nikaacha mwenyewe kwa vile maji yameanza kurudi.

Jana Bimkubwa kauliza chungu chake. Nikamwambia chaja hii salama, ila chungu nakitaka bado, nitamchukulia chengine Darajani. Kanambia chengine hakitaki, kile kishakolea mchuzi.