Nilivyofuga samaki wa upinde wa mvua kwa maji ya kisima hapa Amu

Nianze na hawa wanaosema maji ya Amu, yaani Lamu, hayafai kwa samaki wa tangi. Nimeyasikia hayo miaka miwili mizima, kwa wauzaji, kwa marafiki wa Mombasa, hata kwa jamaa mmoja wa Nairobi ambaye hajawahi kukanyaga hapa, na leo naandika nikiwa mbele ya tangi lenye samaki wakubwa tisa na wadogo thelathini na kitu, wote kwa maji ya kisima, kisima kile kile ambacho sabuni haitoi povu na sufuria ya chai inashika ukoko mweupe ndani ya wiki.

Samaki ninaowasema ni wale wa upinde wa mvua, na mimi nafuga aina moja tu, boesemani. Dume akikomaa, nusu ya mbele ni buluu iliyochanganyika na kijivu, nusu ya nyuma rangi ya chungwa inayowaka, yaani utadhani ni samaki wawili wameunganishwa kiunoni.

Mapenzi ya samaki nimeyatoa kwa bibi yangu. Nyumba yake ni zile za mawe za zamani, chooni kuna birika la maji, na ndani ya birika mnaishi samaki wadogo kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa ya birika mafundi walijengea bakuli la kauri. Ukikomba maji yote ili usugue, samaki wanateremka na maji mpaka wanajikusanya ndani ya lile bakuli, maji ya kiganja tu, wametulia wanangoja umalize. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa kwenye ukingo wa birika nikiwatazama mpaka naitwa mara tatu. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kueleweka kitu cha kwanza nilichotaka ni tangi la kioo.

Tangi nimechongewa na fundi wa vioo, urefu sentimita 120, upana na kimo 45, kama lita 240 hivi. Gharama ya kioo na silikoni na meza ya mbao ilinimaliza karibu mshahara mzima, sikumbuki sawasawa. Urefu ndio muhimu kwa hawa samaki, wanaogelea kwa kikundi huku na huku siku nzima, usiwatie kwenye kitangi cha mezani. Na tangi kama hili likijaa ni zaidi ya robo tani, mimi nimeliweka na meza yake kwenye sakafu ya chini, sikukubali kulipandisha juu ya boriti za nyumba ya watu. Filta, changarawe, mimea, hayo ni ya kawaida.

Sasa huyo muuzaji wa kwanza, Mungu amsamehe. Nilimuuliza kuhusu maji yetu akaniambia samaki wa rangi wote wametoka misituni, wanataka maji laini, yasiyo na chokaa, maji ya kisima cha pwani yatawaua, nitumie maji ya mvua na majani ya mkungu. Akaniuzia na hita juu yake. Hita! Hapa Amu, ambapo maji yakikaa tu ndani ya nyumba yanafika nyuzi 27 au 28 bila kuguswa. Hiyo hita mpaka leo iko ndani ya boksi lake.

Basi ilikuwa masika, mvua inanyesha, nikakinga maji ya paa mapipa mawili. Nikaokota majani makavu ya mkungu, nikayachemsha kwenye sufuria kubwa mpaka maji yakawa kama chai ya rangi, nikayamimina kwenye tangi. Samaki wangu wa kwanza walikuwa wanane, wadogo, nilikuwa nimewalipia kama mia sita sita. Wiki ya kwanza sawa. Ya pili nikaona wamebana mapezi, hawali vizuri. Nikapima kwa kile kipimo cha matone, rangi ikatoka njano kabisa, yaani maji yamekuwa makali ya asidi, pH chini ya 6, na katikati ni 7. Nikaongeza maji mengine ya mvua nikidhani nayasafisha, kumbe ndio nazidi kuharibu, maji ya mvua hayana chokaa hata kidogo ya kuyashikilia, uchafu wa samaki wenyewe unayavuta chini kila siku. Halafu mvua ikakata, mapipa yakaisha, nikaingiza maji ya kisima ndoo tano kwa mpigo mmoja. Asubuhi nilikuta watatu juu ya maji. Jioni wawili. Niliwatoa kwa mkono mmoja mmoja, wepesi kama majani, na nilikasirika sana, si kwa pesa, nilikasirika kwa sababu nilifanya kila nilichoambiwa.

Siku ile bibi alikuwa amekuja. Akatazama yale maji ya kahawia akaniuliza, "Mwanangu, hawa wangu wa birika wanakunywa maji gani?" Nikamwambia ya kisima. Akasema, "Na wana miaka mingapi mle?" Sikuwa na jibu.

Hapo ndipo nikaanza kusoma mwenyewe. Boesemani kwao ni maziwa ya Ayamaru, magharibi mwa Papua, Indonesia, na maziwa yale yako juu ya mawe ya chokaa. Mholanzi Marinus Boeseman aliwakusanya huko miaka ya 1950, ndio maana wana jina lake, na wataalamu Allen na Cross wakawaandika rasmi mwaka 1980. Mawe ya chokaa! Na sisi hapa tunakaa juu ya nini kama si matumbawe, nyumba zetu tumejenga kwa nini kama si matumbawe na chokaa? Maji yangu ya kisima niliyapima yakatoka 7.8. Hawa samaki wanayataka hayo hayo, kati ya 7 na 8, magumu. Nilikuwa nahangaika kuyageuza maji ambayo samaki wangefurahia kuyapata.

Niliwabakisha watatu, nikawarudishia maji ya kisima polepole, ndoo nusu kila siku, karibu wiki mbili. Kwa sababu haraka ndiyo inayoua, hata ukiwapeleka kwenye maji mazuri. Siku ya kumi na mbili dume mmoja akafungua mapezi yote. Alhamdulillah.

Kisima changu niseme ni cha upande wa Shela, maji ya michangani, matamu. Kama cha kwako unaonja chumvi kwa ulimi, hiyo ni habari nyingine, usinifuate. Na yule aliyeniambia nichanganye maji ya bahari kidogo "ili wazoee", tafadhali, hawa ni samaki wa maji matamu.

Saba wengine nikaagiza kutoka Mombasa. Wamekuja kwa basi mpaka Mokowe halafu mashua, wamefungwa kwenye mifuko ya oksijeni ndani ya kulabox, na nilimsisitiza anayewatuma asiwalishe tangu jana yake, samaki mwenye tumbo tupu hachafui maji ya mfuko. Wote saba wamefika hai. Shangazi yangu alipowaona akasema nimelipa pesa kununua dagaa. Na kweli wakiwa wadogo ni fedha fedha tu, hawana lolote, dukani watu huwapita kwenda kwa samaki wengine. Rangi inakuja polepole, mwaka unaweza kukaribia. Inataka subira na chakula kizuri. Mimi nawapa cha pakiti asubuhi, na jioni viluwiluwi vya mbu ninavyovifuga makusudi kwenye ndoo uani, nachota kila siku kabla hakijageuka mbu hata kimoja.

Kifuniko usikose. Wanaruka. Mmoja nilimkosa hivyo, na paka wa Amu mnawajua, sikukuta hata gamba.

Joto la kaskazi nalo, Januari na Februari maji yalifika 31, samaki wakawa wanapumua juu juu. Nikaelekeza feni ndogo ipulize juu ya maji, yakashuka nyuzi mbili. Lakini feni inakausha maji, na yanayobaki yanazidi kuwa magumu, kwa hiyo ya kujazia pengo nikatumia yale ya mvua. Hapo ndipo maji ya mvua yalipo na faida yake, kidogo kidogo. Stima ikikatika nina pampu ya hewa ya betri, sipati presha.

Sasa niwaambie kuhusu mayai, maana hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote.

Baada ya sala ya alfajiri huwa nakaa mbele ya tangi kabla taa haijawashwa. Mwanga wa kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, ukianza kuingia, dume linamkaribia jike ubavuni, linasimamisha mapezi, na kwenye paji la uso, kutoka mdomoni mpaka mgongoni, unawaka mstari mweupe. Unawaka, unazima, unawaka tena, kama mtu anawasha tochi chini ya ngozi. Mara ya kwanza nilidhani ni macho yangu. Halafu wanaingia pamoja ndani ya mimea wakitetemeka, na ndipo jike linapoacha mayai, machache tu, kesho tena machache.

Mayai kwenye mimea yanaliwa. Huko nje watu hutengeneza fagio la nyuzi za sufu wayatage humo. Mimi sufu sikuwa nayo, lakini ami yangu ana dau, na kwenye dau kulikuwa na kipande cha kamba ya plastiki ya kijani, ile inayoelea. Nikakikata shubiri mbili, nikakifumua uzi mmoja mmoja mpaka vidole vikauma, nikakichemsha, nikakifunga juu. Kinaelea chenyewe, nyuzi zinaning'inia kama mizizi ya mkoko. Siku ya pili nikakitoa, nikapitisha vidole, nikahisi vitu kama chembe za mchanga ila having'oki, vimeshikwa na vijiuzi vyembamba sana. Ukivitazama kwenye mwanga ni vya kioo. Nikakitia kwenye beseni la maji ya tangi lile lile, nikaweka kingine kwenye tangi.

Siku ya saba nikaona vistari viwili vinatembea juu ya maji, vina macho tu. Ni wadogo mno, chakula cha pakiti hata ukikisaga hakiingii mdomoni. Kundi la kwanza lote lilikufa kwa njaa ndani ya siku nne. La pili nikaweka mtungi wa maji juani na kipande cha ganda la ndizi, baada ya siku kadhaa maji yakawa kama ya wali halafu yakaanza kung'aa, yamejaa vijidudu visivyoonekana vizuri kwa macho. Nikawa nadondosha kijiko kimoja mara nne kwa siku. Walipofika wiki mbili nikawapa artemia, uduvi mdogo sana wa maji ya chumvi, ambayo huku kwetu pwani inapatikana kwenye mabwawa ya chumvi upande wa Gongoni, kaskazini ya Malindi, rafiki yangu alinitumia mayai yake makavu kidogo kwenye kichupa.

Wamebaki thelathini na kitu, sasa wana miezi saba. Juzi nimemwona mmoja ameanza njano karibu na mkia. Bibi ameniomba wawili awatie kwenye birika, nimemwambia birika ni fupi, hawa wanataka mbio, kwa hiyo sasa yeye ndiye anayekuja kwangu asubuhi, tunakaa wote kwenye mkeka tukingoja ule mstari mweupe.

Tangi halitawatosha wote wakikua. Aliye hapa Amu na anawataka aje na ndoo yake, na maji yawe ya kisima chake yeye mwenyewe, tuyapime kwanza, na asije na ya mvua.