Tuzo kwa kazi ambayo ikifanywa vizuri haionekani

Niliombwa kuingia kwenye kamati ya chama chetu cha taaluma, ile inayochagua nani atunukiwe kwa utumishi uliotukuka katika afya ya akili ya wazee. Nilikubali bila kufikiri sana. Mimi ni muuguzi wa magonjwa ya akili, nimestaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu imeishia kwenye wodi za wazee. Nilijua kutakuwa na barua za kusoma na kura ya kupiga. Kumbe ugomvi wote ulikuwa kwenye fomu.

Fomu inauliza vyeo. Inauliza machapisho, mikutano aliyohutubia, fedha za utafiti alizoleta, na tuzo alizowahi kupata, maana yake ukishapata ya kwanza ya pili inakufuata yenyewe. Chini kabisa kuna kisanduku kidogo cha "maelezo mengine". Humo ndimo watu walikuwa wamebananisha kwa maandishi madogo mambo yote niliyotaka kuyasoma.

Sina neno na machapisho. Fani hii imesimama kwa sababu kuna watu walikaa chini wakafuatilia wagonjwa na kuandika walichokiona. Kuna wakati mzee akichanganyikiwa au akizama kwenye huzuni jibu lilikuwa moja tu: ni uzee huo. Mwaka 1955 Martin Roth, daktari wa akili aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alichapisha uchunguzi wa wazee waliolazwa hospitali ya akili na yaliyowapata baadaye. Waliolazwa kwa sonona, ile huzuni iliyogeuka maradhi, wengi walikuwa wamesharuhusiwa. Waliolazwa kwa dimenshia, maradhi yanayomomonyoa kumbukumbu na akili, wengi walikuwa wamefariki. Kwa hiyo hayakuwa maradhi mamoja, na yule wa sonona aliyekuwa ameachwa kitandani alikuwa na pa kurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari wa akili Tom Arie naye alianza kujenga huduma yake ya wazee katika hospitali ya Goodmayes, mashariki mwa London, akishikilia kwamba daktari amwone mzee nyumbani kwake kwanza. Ukiingia kwa mtu unaona usiyoweza kuyaona kliniki: dawa za waganga watatu tofauti kwenye droo moja, kitanda kilichohamishiwa karibu na mlango, jirani mwenye ufunguo wa akiba ambaye ndiye anayejua kila kitu.

Na kipo kipimo cha sonona kwa wazee alichokitoa Jerome Yesavage, daktari wa akili wa Marekani, na wenzake miaka ya 1980, maswali 30 ya ndiyo au hapana, baadaye kikafupishwa kuwa 15. Kilichonivutia siku zote ni yale ambayo hakiulizi. Hakina habari na usingizi wala hamu ya kula, kwa sababu mzee anaweza kulala vibaya kwa ajili ya magoti tu. Kinauliza kama anahisi maisha yake ni matupu, kama ameacha mambo aliyoyapenda. Aliyeamua kuyaacha yale maswali mengine aliwajua wazee.

Hao waheshimiwe, tena sana. Lakini mmoja wa waliopendekezwa mbele yetu alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku asiye na chapisho hata moja, na barua iliyomleta iliandikwa na binti wa mgonjwa. Naieleza kwa kirefu, nikiwa nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha mtu.

Baba alikuwa amelazwa kwa sonona na alikuwa anaendelea vizuri. Usiku mmoja akaanza kupiga kelele. Alivuta shuka, akataka kutoka dirishani, akawa anamwita dada yake aliyekwishafariki. Mtu wa zamu iliyotangulia alikuwa ameshaandika kwenye ripoti kwamba dimenshia "imejitokeza", na sindano ya kumtuliza ilikuwa imeshaagizwa. Sista huyu aliyependekezwa hakuichoma. Alimpigia binti simu usiku ule ule, akamuuliza: "Samahani mama kukuamsha. Baba juzi alikuwaje?" Juzi alikuwa anasoma gazeti na kumsahihisha mjukuu hesabu.

Basi hapo mtu anayejua kazi ameshapata nusu ya jibu. Dimenshia kwa kawaida haiingii kati ya juzi na leo. Kinachoingia namna hiyo ni mkanganyiko wa ghafla, na huo una chanzo cha kutafutwa mwilini. Tangu mwaka 1990, daktari wa Marekani Sharon Inouye na wenzake walipochapisha njia yao ya kuutambua, dalili zinazoangaliwa ni nne: umeanza ghafla na unapanda na kushuka, mgonjwa hawezi kushika jambo moja akilini, maneno yake hayafuatani, na kuwa macho kwake si kwa kawaida, amesinzia mno au amechangamka mno. Mbili za kwanza lazima ziwepo, pamoja na mojawapo ya zile nyingine. Sista alimwomba mzee ataje siku za wiki kuanzia mwisho kurudi nyuma. Alifika Ijumaa akaanza kuzungumzia dari.

Akapapasa tumbo chini ya kitovu. Limejaa, gumu. Akafungua faili: alikuwa ameanzishiwa vidonge vya kutuliza ngozi inayowasha, vile vya zamani vinavyoleta usingizi. Kwa kijana vidonge hivyo ni usingizi tu. Kwa mzee vinaweza kuzuia mkojo na kuvuruga akili kwa mpigo. Akamwamsha daktari wa zamu, wakakubaliana kusimamisha vidonge na kufuta sindano. Mpira wa mkojo ukawekwa, ukatolewa mara tu haukuhitajika, kwa sababu nao ukikaa sana huleta mkanganyiko wake. Akamvalisha miwani. Akabadilisha betri ya kifaa cha sikioni, kilichokuwa kimelala kabatini tangu alipolazwa (hili hunitia hasira kila nikiliona: tunampima mtu akili huku yeye hasikii). Taa moja akaiacha inawaka, na saa ya ukutani akaisogeza mahali mzee anapoiona akigeuka.

Baada ya siku chache baba alikuwa baba. Kwenye kitabu cha ripoti, usiku ule una maneno mawili: "Mgonjwa ametulia."

Sasa niambie hilo linaandikwa kwenye sehemu gani ya fomu. Sindano ambayo haikuchomwa, nyonga ambayo haikuvunjika kwa kuanguka akiwa amelewa dawa, jina la dimenshia ambalo lingemfuata mtu kwenye faili hadi kaburini. Si mambo madogo. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa mpya za kutibu wazimu, zikitumiwa kuwatuliza wazee wenye dimenshia, zinaongeza vifo. Mwaka 2008 onyo likajumuisha na zile za zamani. Anayepunguza matumizi yasiyo ya lazima ya dawa hizo wodini anaokoa watu asiowajua, na hata wao hawatajua.

Mwenyekiti wetu, daktari bingwa ninayemheshimu, hakukubaliana nami. "Tukianza kutunuku kwa hadithi," alisema, "kila barua itakuja na hadithi tamu." Ana hoja. Nimesoma barua kumi zenye machozi ambazo ukizikamua hazina kitu. Nikamjibu kwamba basi tuombe ushahidi wa aina yake: sindano za kutuliza za usiku zilikuwa ngapi kabla na baada, wagonjwa wanaofungwa mikono wamepungua au la, wauguzi wangapi wamejifunza kwake na sasa wanafanya hivyo bila yeye. Wodi zina daftari. Ni kuomba tu. Tulikuta wodi yake ilikuwa na hesabu hizo, na zilimsemea kuliko nilivyoweza mimi.

Barua moja tuliirudisha. Ilikuwa na picha ya bibi mwenye dimenshia akiwa na nguo za kulalia, jina lake kamili chini, ili kuonyesha jinsi mlezi wake alivyo mwema. Nani alimwomba ruhusa? Aliyeandika alishangaa kweli kweli kuulizwa.

Watu wanaweza kuona tunabishana juu ya ngao na cheti. Lakini kuwahudumia wazee wenye maradhi ya akili ni kazi iliyobeba dharau mbili, ya uzee na ya akili. Robert Butler aliuandika ubaguzi wa umri mwaka 1969 na kuupa jina, na alikuwa daktari wa akili, alijua anasema nini. Mimi nimeulizwa na wenzangu "bado wamekuacha kule kwa wazee?" kana kwamba nilikuwa natumikia adhabu. Duniani wenye dimenshia wamepita milioni 55, na bado mwanafunzi wa uuguzi mwenye alama nzuri hushauriwa aende chumba cha upasuaji. Huyo mwanafunzi anapokaa ukumbini anaangalia nani anaitwa jukwaani.

Na anasikiliza anavyoitwa. Rasimu ya sifa iliyoletwa ilisema "kwa wito wake, moyo wake wa huruma, na kuwa malaika wa wazee wetu". Nikaomba kalamu. Ukishaitwa malaika ni vigumu kuuliza malipo ya saa za ziada. Vilevile huruma haipapasi kibofu. Aliyekipapasa alikuwa na ujuzi alioupata kwa kusoma na kwa kuangalia. Tukaandika: kwa kutambua mkanganyiko wa ghafla pale wengine walipoona dimenshia, kwa kupunguza dawa za kutuliza zisizo za lazima, na kwa kuwafundisha wenzake wa zamu ya usiku kufanya hivyo. Katibu alilalamika kwamba haina ladha.

Mwishowe tuzo ikagawanywa, yeye na mtafiti mmoja ambaye kazi zake ninazisoma kwa faida. Mwenyekiti bado anaamini tumelegeza masharti, na mwaka ujao ndiye atakayeiandika fomu upya, kwa hiyo mjadala huu haujaisha.

Nilimpigia sista simu kumpa habari. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama sherehe ni usiku, kwa sababu itabidi atafute wa kubadilishana naye zamu. Halafu akauliza kama tuzo ina fedha. Nikamwambia hapana dada, ni ngao na cheti. "Sawa," akasema, "lakini chama si kinaweza kuninunulia betri za vifaa vya masikio? Za wodi nzima. Na miwani ya kusomea, zile za namba tofauti tofauti." Ombi lake liko kwa mweka hazina.