Madaraja ya Mashamba ya Long Island

Tuliposhuka kwenye basi mbele ya bustani ya Cunningham, mashariki mwa Queens, sehemu ya jiji la New York iliyo kwenye kisiwa cha Long Island, shemeji yangu, ambaye ameishi New York miaka mingi bila kufika upande ule, aliniuliza kwa mara ya tatu kama ni kweli nimetoka Iringa kuja kutazama madaraja ya mashamba. Nilimjibu kwamba nimekuja kumwona dada yangu na kwamba madaraja ni nyongeza tu. Jibu hilo lilikuwa la heshima zaidi kuliko la kweli.

Barabara niliyoitafuta ni Long Island Motor Parkway, miongoni mwa barabara za kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya magari peke yake. Mwenye wazo alikuwa William K. Vanderbilt Mdogo, kitukuu wa Cornelius Vanderbilt aliyetajirika kwa meli na reli. Mwaka 1904 alianzisha mashindano ya magari ya Kombe la Vanderbilt, yaliyokimbizwa katika barabara za vumbi za vijijini, na wenyeji wakatangaziwa wafunge mbwa wao na kuku wao wasitoke. Wakulima walilalamika, na walikuwa na haki. Mwaka 1906 mtazamaji mmoja aligongwa akafa, na Vanderbilt akaona heri ajenge barabara yake mwenyewe. Kazi ilianza Juni 1908 huko Bethpage, na mwezi Oktoba mwaka huohuo magari yalikuwa yameshaanza kushindana kwenye kipande cha kwanza.

Jambo lililonivuta mimi ni namna ardhi ilivyopatikana. Kampuni ya Vanderbilt ilikuwa ya binafsi, haikuwa na mamlaka ya kumwondoa mtu shambani kwake kama serikali inavyoweza, kwa hiyo ilibidi mawakala wake wazungumze na wenye mashamba mmoja baada ya mwingine. Wapo waliotoa kipande bure wakitumaini kwamba ardhi iliyobaki ingepanda bei, wapo waliouza, na wapo waliokataa, na alipokataa mtu barabara ilimzunguka. Ndiyo sababu barabara iliyokusudiwa kwa mwendo kasi ilijaa kona kuliko njia ya ng'ombe.

Tajiri alikuwa na sharti lake pia: barabara yake isikutane na njia nyingine yoyote katika usawa mmoja, ili dereva asilazimike kupunguza mwendo kwa ajili ya farasi, treni au mpita njia. Sharti hilo lilizaa madaraja 65 katika urefu ambao mwishowe ulifika kilomita 72 hivi. Mengine yalivusha barabara za umma na reli, lakini mengine yalijengwa kwa ajili ya shamba moja tu, kwa sababu barabara ilipolikata shamba katikati, mkulima alibaki na viazi upande huu na ghala upande wa pili. Ama njia yake ya shamba ilipitishwa juu, ama barabara iliinuliwa kwa tuta naye akapita chini. Mimi nimekulia nyuma ya mkokoteni wa maksai, kwa hiyo najua kwamba daraja la shamba haliishii kwenye daraja lenyewe. Mnyama anayevuta gunia ishirini hapandi ngazi. Anahitaji mwinuko mrefu wa udongo pande zote mbili, na udongo huo unakalia ardhi ambayo jana ilikuwa matuta ya kabichi.

"Kwa hiyo matajiri waliwajengea wakulima madaraja," shemeji alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kufunga mjadala.

"Waliwajengea kwa kuwa barabara yao isingepita bila wakulima kukubali, shemeji. Hiyo si sadaka, ni bei."

Tulifika kwenye daraja la 73rd Avenue. Hili lilivusha barabara ya umma, si njia ya shamba, lakini vifaa ni vilevile: zege lenye nondo ndani, lililomwagwa wakati ambapo ujenzi wa aina hiyo ulikuwa bado mgeni. Nilipapasa ukuta wake. Ngozi ya zege imebanduka mahali pengi, na kokoto zimetokeza kama mbegu kwenye papai lililopasuliwa. Juu yake, palipopita magari, sasa wanapita waendesha baiskeli, kwani barabara ilifungwa mwaka 1938 na kipande cha Queens kikageuzwa kuwa njia yao. Ushuru wake ulianza kwa dola 2, ukashushwa mara kadhaa hadi senti 40, lakini Robert Moses, ofisa wa serikali aliyesimamia bustani na barabara, alikuwa ameshajenga barabara nyingine ya magari, Northern State Parkway, ambayo haikuwa na ushuru, na kampuni ikaikabidhi barabara kwa serikali za maeneo badala ya kodi iliyokuwa ikidaiwa.

Mchana tulikwenda Queens County Farm, shamba la ekari 47 ambalo historia yake inaanzia mwaka 1697 na ambalo leo ni makumbusho. Kuna ng'ombe, kuku na mboga. Shemeji alinunua mayai, akakaa kimya kwa muda, kisha akakiri kwamba hakujua kama Queens iliwahi kuwa na mashamba.

Siku iliyofuata alitoa gari lake. Tulipita Hicksville, ambako zamani palilimwa viazi na matango ya kutengenezea achari, na ambako mwaka 1941 waligundua minyoo wanaoshambulia mizizi ya viazi. Jirani tu ni Levittown, zaidi ya nyumba 17,000 zilizojengwa kati ya 1947 na 1951 juu ya yale yaliyokuwa mashamba. Hapo nilielewa kwa nini madaraja ya mashamba ni adimu kuliko yale ya barabara. Daraja la barabara lina watu wa kulitetea kila asubuhi. La shamba, shamba likishauzwa viwanja, linaunganisha ua wa jirani mmoja na ua wa jirani mwingine, na hakuna anayelilia likibomolewa.

Katika kaunti ya Suffolk, mashariki zaidi, barabara bado inatumika na bado inaitwa Motor Parkway, sasa ikiwa barabara ya kaunti namba 67, mpaka karibu na Ziwa Ronkonkoma. Haina ushuru, na zile kona zimebaki. Katika mojawapo, kali kuliko nyingine, shemeji alikanyaga breki, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akasema kwa uhakika mkubwa, "Hapa kuna mzee alikataa kuuza."

Sikuwa na ushahidi wa kumpinga.