Siku moja maishani mwangu: fundi wa simu na data iliyogoma

Saa 2:00 asubuhi nafungua droo na kutoa laini yangu ya majaribio, ambayo nimehakikisha ina kifurushi. Naithamini kuliko bisibisi zangu zote, kwa kuwa ndiyo inayonijibu swali la kwanza la kila siku: tatizo limo ndani ya simu au limo kwenye laini?

Saa 2:40 anafika mama mmoja ambaye simu yake inapiga na kupokea vizuri, ila intaneti haifunguki tangu jana. Amekwisha kushauriwa airudishe simu katika hali ya kiwandani, ushauri ambao hunisikitisha kila niusikiapo, kwa sababu hatua hiyo hufuta picha na jumbe ambazo hazikuhifadhiwa kwingine. Namuuliza, “Mama, kabla data haijakatika, ulibadilisha nini?” Anakumbuka kwamba aliongeza laini ya pili. Simu ya laini mbili huchukua data kwenye laini moja iliyochaguliwa, na chaguo lilikuwa limehamia kwenye laini mpya isiyo na kifurushi. Nalirudisha, na jumbe za tangu jana zinaanza kuingia.

Saa 4:00 namhudumia kijana aliyenunua simu iliyokwisha kutumika. Alama za mtandao zimejaa, kifurushi kipo, na hata laini yangu haipati data ndani ya simu hiyo, kwa hiyo naelekea kwenye APN, yaani jina ambalo simu hulitaja ili mtandao uipeleke kwenye lango la intaneti. Herufi moja ikikosewa, lango huweza kukataa kufunguka. Hapa mwenye simu wa zamani aliandika jina lake mwenyewe, nami narejesha la awali, kisha nawasha hali ya ndege kwa sekunde 10 na kuizima, ili simu iachane na mnara na kujisajili upya.

Saa 6:00 mchana inaletwa simu ambayo kila tovuti inatoa onyo la usalama, na mwenyewe ana hakika kwamba imeingiliwa na virusi. Natazama tarehe kwanza: imerudi nyuma miaka 2, baada ya betri kuisha kabisa. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, hivyo simu inayoishi miaka 2 iliyopita huona vyeti ambavyo bado havijaanza kutumika, na kwa haki kabisa huvikataa. Naruhusu saa ijirekebishe kutoka kwenye mtandao, na maonyo yanakoma.

Kati ya saa 7:00 na saa 9:00 kazi ni nyepesi: vumbi katika tundu la chaji, hifadhi iliyojaa, na VPN, yaani programu inayopitisha intaneti ya simu kwenye seva nyingine, iliyosahaulika ikiwa imewashwa.

Saa 9:30 analalamika mzee ambaye data yake hukatika kila anapopigiwa. Simu isiyopitisha sauti kwenye 4G hushuka hadi 3G au 2G ili kupokea mwito, na ikiangukia 2G, kwa kawaida data husimama mpaka mazungumzo yaishe. Simu yake ina uwezo wa sauti ya 4G, ila ulikuwa umezimwa.

Saa 11:00 jioni nakutana na simu isiyoshika mtandao kwa laini yoyote. Naweka upya mipangilio ya mtandao, baada ya mwenyewe kuandika nywila zake za waifai, kwani hufutika ingawa picha hubaki. Hakuna kinachobadilika. Naichungulia trei ya laini kwa kioo cha kukuzia na kuona kutu ya kijani: maji yaliingia. Simuahidi kitu. Waifai bado inafanya kazi, basi saa 12:15 naiacha mezani ikihamisha picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwa maana sitaifungua kabla ya picha ya mwisho kufika salama.